Mkanda wa taimingi: lini uubadilishe mwenyewe nyumbani, na lini umwachie fundi

TUKIENDA kununua gari tunatazama mengi. Tunatazama rangi, viti, redio na magurudumu, na wengine hunusa hata harufu ya ndani. Muuzaji huambiwa awashe injini, tukasikiliza muungurumo wake, kisha tukaanza kuvutana bei. Lakini kuna kitu kimoja kisichoonekana wala kusikika, nacho kinaweza kuigeuza injini nzima kuwa chuma chakavu kwa muda wa sekunde moja. Kitu hicho ni mkanda wa mpira wenye meno, usiozidi upana wa vidole viwili, unaokaa nyuma ya kifuniko ubavuni mwa injini. Mafundi wanauita taimingi belti.

Nimeona niuzungumzie leo kwa sababu vijana wetu wengi waliotoka pwani kwenda Nairobi kutafuta riziki wanaendesha magari makuukuu. Gari ndilo shamba lao na ndilo duka lao. Likizimika, nyumba haipiki. Na katika jambo hili la mkanda kuna hasara za namna mbili: wapo wanaoharibikiwa na injini kwa kutojua kwamba mkanda upo, na wapo wanaolipishwa mkanda ambao gari lao halina kabisa.

Kazi ya mkanda huu

Injini ya kawaida hufanya kazi kwa mipigo minne: huvuta hewa na mafuta, hukandamiza, hulipua, kisha hutoa moshi. Pistoni zikipanda na kushuka huzungusha krankishafti, yaani ule mhimili wa chini unaopeleka nguvu kwenye magurudumu. Juu, kwenye kichwa cha injini, kuna kamshafti, mhimili wenye vinundu vinavyosukuma valvu zifunguke. Valvu ndizo milango: moja huingiza hewa, nyingine hutoa moshi.

Mipigo minne ni mizunguko miwili ya krankishafti. Katika mizunguko hiyo miwili kila valvu hufunguka mara moja tu. Kwa hivyo kamshafti sharti izunguke mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili. Ndiyo maana puli ya juu ina meno mara mbili ya puli ya chini, na mkanda wenye meno huziunganisha ili isitokee hata moja kuteleza.

Tazama mwendo wenyewe. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa barabara kuu, kila valvu hufunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde moja. Ni kama mabaharia wanaotweka tanga la jahazi: mmoja huimba, wote wakavuta kwa sauti moja. Akinyamaza mwimbaji, kila mtu atavuta kwa wakati wake, na tanga halipandi. Mkanda huu ndio mwimbaji wa injini.

Mkanda wa mpira uliingia kwenye magari ya kuuzwa kwa wingi mwaka 1962, katika gari dogo la Ujerumani lililoitwa Glas 1004. Watengenezaji wengine waliufuata kwa sababu ni mwepesi, haupigi kelele, hauhitaji kulainishwa kwa oili, na bei yake ni nafuu kuliko mnyororo. Aibu yake ni moja: mpira huzeeka.

Kwanza jua: mkanda au mnyororo?

Hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotea. Si kila gari lina mkanda wa taimingi. Magari mengi madogo ya Kijapani yaliyojaa barabarani leo yana mnyororo wa chuma, ambao hukaa ndani ya injini na kulainishwa na oili. Toyota Probox, Fielder na Vitz zenye injini za 1NZ na 2NZ zina mnyororo. Nissan Note yenye HR15 ina mnyororo. Honda Fit ya L13 na L15, vilevile. Mnyororo haubadilishwi kwa hesabu ya kilomita kama mkanda. Ukibadilisha oili kwa wakati, aghalabu hudumu maisha ya injini, na ukichoka hutoa kelele ya kugonga asubuhi unapowasha.

Wenye mkanda ni kina nani? Ni Toyota Corolla za zamani, zile tunazoziita "mia" na "mia na kumi", zenye injini za 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE. Ni Noah na RAV4 za mwanzo zenye 3S-FE. Ni Subaru Impreza, Forester na Legacy zenye injini za EJ. Katika magari ya dizeli, ni Hiace za 5L, Prado za 1KZ na 1KD, na Mitsubishi Pajero na L200 zenye 4D56.

Herufi na nambari hizi utazipata kwenye kibati kilichobandikwa ndani ya boneti au kwenye kitabu cha gari. Ziandike kwenye simu yako. Mtu akikwambia gari lako lataka taimingi belti, muulize kwanza: "Fundi, hii ni injini gani?" Asipoweza kujibu, pesa zako zibaki mfukoni.

Tena usichanganye mkanda huu na feni belti. Feni belti iko nje, unaiona ukifungua boneti, na kazi yake ni kuzungusha altaneta, pampu ya stelingi na kompresa ya baridi. Ikikatika utawaka taa ya betri na pengine injini itachemka, lakini utapata nafasi ya kuegesha na kutafuta msaada. Mkanda wa taimingi ukikatika hakuna nafasi: injini huzima papo hapo.

Injini inayosamehe na isiyosamehe

Mkanda ukikatika, kamshafti husimama lakini krankishafti huendelea kuzunguka kwa msukumo wa gari. Valvu zilizokuwa wazi hubaki wazi, zimening'inia ndani ya silinda. Pistoni inapanda. Sasa mambo ni mawili.

Katika injini nyingine kuna nafasi ya kutosha kati ya pistoni na valvu iliyo wazi. Pistoni hupanda na haigusi kitu. Gari huzima, unalivuta nyumbani, unafunga mkanda mpya, unaendelea na safari. Hizo naziita injini zinazosamehe. Familia ya A-FE ya Corolla za zamani ni miongoni mwake, na 3S-FE pia.

Katika injini nyingine hakuna nafasi hiyo. Pistoni huigonga valvu, valvu hupinda, na pengine pistoni yenyewe hutoboka. Kufungua kichwa cha injini, kununua valvu, gasketi na kazi ya mashine ni gharama inayoweza kuushinda mkanda wenyewe mara nyingi. Injini za dizeli karibu zote ziko upande huu, na Subaru nyingi za EJ pia. Hizo hazisamehi.

Gari lenye mkanda likizima ghafla, na ukipiga stata injini inazunguka kwa kasi na wepesi usio wa kawaida kana kwamba haina mzigo, acha. Usipige tena na tena. Usiwaombe vijana walisukume. Kila mzunguko unaoulazimisha unaweza kuongeza valvu iliyopinda.

Umri wa mkanda, na karatasi ya Kijapani

Muda wa kubadilisha hutegemea injini, na kitabu chake ndicho hakimu. Kule Japani kipimo kilichozoeleka kwa magari mengi ni kilomita 100,000. Hiace na Prado nyingi za dizeli zina taa maalumu kwenye dashibodi yenye maandishi ya T-BELT, huwaka kilomita zikifika. Watu wengi huiona wakaizoea kama pambo. Wengine humwambia fundi aizime tu. Taa ikizimwa bila mkanda kubadilishwa, mwenye kununua gari hilo kesho ndiye atakayelipa.

Sasa fanya hesabu. Dereva anayekwenda kilomita 150 kwa siku, siku sita kwa wiki, hukusanya kilomita 900 kwa wiki na 46,800 kwa mwaka. Kilomita 100,000 atazimaliza kwa miaka miwili na ushei. Na kwa anayepanda na kushuka, Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480. Safari 100 za kwenda na kurudi ni kilomita 96,000. Si nyingi kwa gari la kazi.

Lakini kilomita si kipimo pekee. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Joto la injini huukausha, nyufa zikaingia mgongoni. Kanuni ya Kenya hairuhusu gari kuingizwa nchini likiwa limepitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kuwa gari linaloshuka bandarini Mombasa linaweza kuwa na mkanda wa miaka saba, na mita ya kilomita ambayo hujui nani ameichezea.

Kuna siri ndogo inayosaidia. Gereji za Japani zina ada ya kubandika karatasi kwenye kifuniko cha mkanda, ndani ya boneti au ubavuni mwa mlango, ikionyesha tarehe na kilomita mkanda ulipobadilishwa. Wanunuzi wengi huibandua kwa kuiona uchafu. Usiibandue. Mara nyingi mwaka huandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao. Ukiona H au Heisei, ongeza 1988: H15 ni mwaka 2003, H28 ni 2016. Ukiona R au Reiwa, ongeza 2018: R2 ni 2020. Kilomita zilizoandikwa hapo zikizidi zilizo kwenye mita ya gari, umemkamata mtu mwongo.

Usipoipata karatasi hiyo, na muuzaji hana risiti, hesabu kwamba mkanda haujabadilishwa. Hiyo ndiyo salama yako.

Huruma, kando ya barabara

Mpwa wangu mmoja anakaa Huruma, mtaa wa Eastlands ulioko baina ya Mathare na Kariobangi. Ana Toyota mia na kumi yenye injini ya 5A-FE anayopelekea mikate na mayai madukani. Alinipigia simu usiku mmoja.

"Shikamoo mjomba. Jirani yangu ameambiwa alete pesa za taimingi belti ya Probox. Nami nataka kubadilisha yangu. Tununue pamoja tupunguziwe?"

"Marahaba. Mwambie jirani yako aweke pesa zake. Probox yake ina mnyororo. Wewe ndiye mwenye mkanda."

Jirani alipomrudia fundi na kumuuliza, fundi alisema alikusudia feni belti. Labda ndivyo. Lakini bei aliyoitaja haikuwa ya feni belti.

Mpwa wangu akaamua kuifanya kazi mwenyewe, akisaidiwa na jirani huyo huyo. Nilimuunga mkono kwa sababu tatu: injini yake ni ya kusamehe, mkanda wake unazunguka puli chache, na alikuwa na siku nzima ya Jumapili. Lau angekuwa na Subaru ningemkataza.

Neno "nyumbani" kwa mtu wa Huruma lina maana yake. Majumba ni ya ghorofa nyingi yaliyobanana, hakuna ua wala banda la gari. Gari hulala kando ya barabara, na hapo ndipo pa kulifungulia. Mikokoteni inapita, watoto wanacheza, na ardhi si tambarare. Kwa hivyo kabla ya spana ya kwanza kuna maandalizi, na hayo yanamhusu pia wa Kisauni, Likoni au Majengo.

Tafuta mahali pa sawa, palipo kavu. Vuta handibreki na uweke vigingi nyuma ya magurudumu. Chini ya jeki weka ubao mpana ili isizame udongoni. Gari likishainuliwa, libebwe na stendi za chuma; usilitegemeze kwa jeki peke yake, wala kwa matofali, kwa kuwa tofali la saruji hupasuka bila kutoa habari. Gurudumu ulilolitoa lisukume chini ya gari: likianguka, lianguke juu ya gurudumu na si juu ya kifua cha mtu. Awepo mtu mmoja wa kuwazuia watoto.

Vifaa ni seti ya soketi, wili spana, jeki ya pili ya kubebea injini, kipande cha mbao, plaizi, bisbisi, kitambaa safi, na Tipp-Ex ya kuwekea alama. Spana ya toki, ile inayopima mkazo wa boliti, na pula ya kuvutia puli mpwa wangu aliziazima kwa mafundi wa jua kali wa Kariobangi, akaweka kitu rehani. Hakuna aibu kuazima.

Kuhusu mkanda, usinunue kwa kutazama boksi. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008, na mamlaka yake maalumu, lakini bandia bado zipo madukani. Nenda na nambari ya injini, omba risiti yenye jina la duka, na mkanda wa zamani ukishatoka uuweke kando ya mpya: meno yawe sawa kwa idadi na umbo, na upana uwe mmoja. Nunua pamoja na mkanda ile puli ya kukaza na springi yake, na sili za oili za krankishafti na kamshafti. Puli kuukuu ikikwama huula mkanda mpya, na oili ikivuja juu ya mpira huuozesha kabla ya wakati.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Ninaeleza kwa injini ya A-FE. Injini nyingine zina mpangilio wao, na kitabu chake ndicho cha kufuatwa.

Injini iwe baridi. Kata waya hasi wa betri. Toa gurudumu la mbele upande wa injini wenye mikanda na kava la plastiki la chini. Legeza na utoe mikanda ya nje na puli ya pampu ya maji. Chomoa plagi zote nne: bila mgandamizo, injini huzungushika kwa mkono bila kupambana nawe. Toa kifuniko cha juu cha injini, kinachofunika valvu.

Weka jeki ya pili chini ya sampu ya oili, ubao ukiwa katikati ili sampu isibonyee, ubebe uzito kidogo tu. Sasa fungua mauntingi ya upande huo, maana mkanda hautatoka ikiwa bado imefungwa.

Hapa ndipo moyo wa kazi. Zungusha krankishafti kwa soketi, kuelekea mwendo wa akrabu za saa ukiitazama puli, hadi alama ya puli ya chini ilingane na 0 iliyo kwenye kava. Kisha tazama juu: kitundu kidogo kilicho kwenye puli ya kamshafti kilingane na alama ya kwenye kishikizo nyuma yake. Kisipolingana, zungusha krankishafti mzunguko mmoja kamili, kitalingana. Hapo silinda ya kwanza iko juu kabisa kwenye mpigo wa kukandamiza. Weka Tipp-Ex kwenye kila alama na upige picha kwa simu. Picha hiyo ina thamani kuliko spana zote.

Boliti ya puli ya chini hukaza sana. Gari la gia za mkono husaidiwa kwa kuingiza gia ya tano na msaidizi kukanyaga breki, huku ukilegeza kwa nondo ndefu. Gari la otomatiki huhitaji chombo maalumu cha kuishika puli. Usifuate wanaotegesha spana na kupiga stata. Spana hiyo huruka, na imevunja mikono ya watu. Boliti ikishalegea, hakikisha alama hazijasogea. Puli isipotoka, tumia pula. Usiigonge kwa nyundo.

Toa kava za mkanda, na uangalie washa ya kuongozea mkanda imekaa vipi kabla ya kuitoa. Legeza boliti ya puli ya kukaza, isukume upande, uifunge kwa muda, kisha vua mkanda. Kuanzia hapa usizungushe kitu chochote.

Sasa ndio wakati wa kubadilisha sili zinazovuja na ile puli ya kukaza. Pangusa kila mahali. Mkanda mpya usiukunje, usiupinde, usiupake oili wala grisi, wala usiulazimishe kwa bisbisi. Uvishe kuanzia puli ya chini, upande usio na puli ya kukaza ukiwa umenyooka bila kulegea, kisha puli ya juu. Legeza boliti ya puli ya kukaza ili springi yake yenyewe iusukume mkanda. Usiongeze nguvu yako hapo, springi imepimwa.

Kisha zungusha krankishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Kwa nini miwili? Kwa sababu ndiyo humzungusha kamshafti mara moja, alama zote zikarudi pale pale. Zikilingana, kaza boliti ya puli ya kukaza kwa mkazo uliotajwa na kitabu. Zisipolingana, hata kwa jino moja, vua uanze upya. Na ukihisi kitu kigumu kinazuia mzunguko, simama. Usishindane na chuma.

Mpwa wangu alipomaliza mizunguko miwili mara ya kwanza, alama ya juu ilikuwa imepita kwa jino moja. Jirani akamwambia, "Wacha, ni kitu kidogo." Akanitumia picha. Nikamwambia jino moja si kitu kidogo: gari litawaka, lakini litakunywa mafuta, litakosa nguvu kwenye mlima, na atalipa kila siku kwa kazi aliyoifanya bure. Akavua, akavisha tena. Mara ya pili zikalingana.

Baada ya hapo ni kurudisha kila kitu kinyume cha ulivyotoa. Mauntingi kabla ya kushusha jeki, boliti ya puli ya chini kwa spana ya toki, plagi, mikanda ya nje, betri. Nambari za mkazo zitoke kwenye kitabu cha injini yako, si kwa kukisia wala kwa injini ya jirani. Walianza baada ya Alfajiri, na gari likawaka Magharibi ikikaribia. Fundi mzoefu angetumia saa chache. Lakini mpwa wangu sasa anajua kilichomo ndani ya gari lake, na hilo halina bei.

Jambo moja nisilisahau. Oili na petroli ya kuoshea vyuma visimwagwe mtaroni. Maji ya Huruma huingia mto Mathare, Mathare huingia mto Nairobi, nao huingia Athi, na Athi ndio huo huo Galana na Sabaki unaomwaga baharini karibu na Malindi. Kinachomwagwa kule hushuka hadi kwa wavuvi wetu. Kiwekwe kwenye mtungi, kipelekwe gereji wanakokusanya oili chafu.

Wapi pa kumwachia fundi

Kazi hii usiifanye mwenyewe ikiwa una Subaru ya EJ. Injini yake ina silinda pande mbili, kamshafti zaweza kuruka kwa nguvu ya springi mkanda unapotoka, na nyingi hazisamehi. Tena mkanda wake ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hivyo pampu hubadilishwa wakati huo huo. 3S-FE pia mkanda wake huzungusha pampu ya maji. Dizeli zote mwachie anayezijua. Na hata kwa Corolla, usiifanye ikiwa huna msaidizi, huna stendi, au kesho asubuhi gari linahitajika kazini kwa lazima.

Ukimpa fundi, kaa karibu na umwambie mambo manne kabla hajaanza. Akuonyeshe alama zimelingana kabla ya kutoa mkanda wa zamani. Azungushe kwa mkono mizunguko miwili mbele yako kabla ya kupiga stata. Akupe mkanda na puli za zamani mkononi. Na akuandikie risiti yenye kilomita za siku hiyo. Fundi mwema hataona vibaya. Ataona amepata mteja anayejua thamani ya kazi yake. Anayekasirika, mshukuru na uende kwingine.

Kisha iga ada ya Wajapani. Kata karatasi, andika tarehe, kilomita na aina ya mkanda, ibandike ndani ya boneti mahali pasipoungua. Ukiliuza gari, mwenzako atajua anachonunua. Ukilibaki nalo, karatasi hiyo ndiyo itakayokukumbusha kabla mkanda haujakukumbusha wenyewe, usiku, baina ya Voi na Mtito Andei, watoto wamelala kiti cha nyuma na simu haina mtandao.

Leo jioni, kabla ya kulala, fungua boneti ya gari lako. Tafuta kibati, soma nambari ya injini, ujue una mkanda au mnyororo. Haichukui dakika tano, wala haigharimu hata shilingi.